Maumivu ya Mwezi Yanapoingia Katika Ndoa



Somo letu la leo linaingia chumbani, nasi tutaingia kwa heshima. Kuna ugonjwa unaotikisa nyumba nyingi huku wenye nyumba hawajui hata jina lake. Mke analala chini kila mwezi akijikunja kwa maumivu. Analiogopa tendo la ndoa kwa sababu linamuumiza ndani kabisa, wala hasemi, maana ameona haya. Miaka inapita na mtoto haonekani. Mume naye, ambaye hakuelezwa lolote, anaanza kuhesabu: wiki hii amenikataa mara ngapi? Au ana mtu mwingine? Mama mkwe anahesabu yake pembeni. Na kwa kuwa hakuna anayelijua jina la jambo lenyewe, kila mmoja hulibandika jina atakalo: uvivu, ubaridi, laana ya ukoo, kurogwa, dhambi za ujanani. Kule Pwani wazee watasema ni chango, wamtafutie mizizi ya kuchemsha.

Jina la ugonjwa huo ni endometriosisi. Ni jina gumu, lakini heri mjifunze kulitamka, maana neno hilo moja limeziondolea nyumba kadhaa ugomvi wa miaka.

Ni ugonjwa gani?

Ndani ya mji wa mimba kuna utando laini ambao kila mwezi hunenepa ukijitayarisha kupokea mimba. Mimba isipotungwa, utando hubomoka na kutoka nje kuwa hedhi. Sasa, kwa mwanamke mwenye endometriosisi, chembe zinazofanana na za utando huo huota mahali pasipo pake: juu ya ovari zinakokomaa mayai, nyuma ya mji wa mimba, juu ya kibofu, juu ya utumbo, na mara chache hata kifuani. Huko ziliko nazo husikia homoni za mwezi. Huvimba na kutoa damu kama wenzao wa ndani, ila damu hiyo haina mlango wa kutokea. Basi pale mahali huwaka, panapona kwa kovu, mwezi ujao pawake tena. Makovu hayo hunata kama gundi. Ovari yaweza kushikamana na utumbo, au mrija wa uzazi ukapindika hata yai lisipate njia. Ndani ya ovari damu nzee yaweza kujikusanya ikawa uvimbe wenye uji mzito wa kahawia, ambao madaktari huuita uvimbe wa chokoleti.

Chanzo chake hakijajulikana chote. Daktari John Sampson wa Albany, Marekani, aliandika mwaka 1927 kwamba sehemu ya damu ya hedhi hurudi nyuma kupitia mirija na kumwagika tumboni pamoja na chembe hai. Maelezo hayo yanasaidia sana, lakini wanawake wengi hurudisha damu nyuma na hawaugui, kwa hiyo kuna sababu nyingine pia. Kinachojulikana ni kwamba ugonjwa huu hufuata familia. Mwanamke ambaye mama yake au dada yake anao, yumo hatarini zaidi. Na jambo moja nataka kila mume alisome mara mbili: endometriosisi si ugonjwa wa zinaa. Hauletwi na uasherati, wala hauambukizwi kitandani.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba unawapata wanawake na wasichana wapatao milioni 190 wenye umri wa kuzaa, yaani kama mmoja kwa kila kumi. Ukiwa kwenye Misa ya Jumapili na benchi lako limejaa akina mama, fanya hesabu mwenyewe. Hapa kwetu Kenya wengi walilisikia jina hili kwa mara ya kwanza kutoka kwa mtangazaji Njambi Koikai, ambaye ugonjwa ulimfikia hadi mapafuni. Alipelekwa Atlanta, Marekani, mwaka 2018 kwa matibabu, akarudi akawa anawasemea wasichana wengine bila kuona haya, mpaka alipoaga dunia mjini Nairobi Juni 2024. Mungu amrehemu. Si wengi wanaofikia hali kama yake, lakini yeye alitufunza kwamba hili si jambo la kunong'ona.

“Ukizaa yatapoa”

Sentensi hii imewachelewesha wanawake wengi kuliko umaskini. Msichana wa shule anazirai kwa maumivu ya hedhi, na nesi anamwambia ni kawaida. Akifika chuoni anaambiwa ataolewa yatapoa. Akiolewa anaambiwa azae. Asipozaa, anaulizwa kwa nini hazai. Shirika la Afya Duniani linasema tangu dalili zianze mpaka ugonjwa utambuliwe inaweza kupita miaka 4 hadi 12. Maana yake ni kwamba bibi arusi wengi hufika mbele ya altare wakiwa wagonjwa tayari, na bwana arusi anayeahidi kumpenda katika afya na maradhi hajui kwamba maradhi yamekwisha kufika.

Maumivu ya kawaida ya mwezi hutulia kwa dawa ndogo na chupa ya maji ya moto, nawe unaendelea na kazi. Ya ugonjwa huu hukuondoa kazini, kanisani na jikoni. Huanza siku kadhaa kabla ya hedhi, hushuka mgongoni na mapajani. Wengine huumia wakienda choo kubwa siku za hedhi, au wakikojoa, na wengine hupata madoa ya kahawia kabla ya siku zao. Wako pia wasioumia hata kidogo, wakagundua tu pale mimba ilipokosekana. Tena, ukubwa wa maumivu haulingani na ukubwa wa ugonjwa. Mwenye madoa machache aweza kulia kuliko mwenye uvimbe mkubwa, hivyo mume asiseme, “Daktari alisema ni kidogo tu, mbona unajifanya?”

Juu ya tendo la ndoa lazima tuseme wazi. Ugonjwa ukikaa nyuma ya mji wa mimba, tendo hilo huwa kama kuguswa kwenye jipu. Mke anayekaza mwili na kugeukia ukutani si lazima awe amempoa mume. Anajikinga na maumivu. Wapo waume wanaomkumbusha mke maneno ya Mtume Paulo kwa Wakorintho juu ya haki ya kila mmoja kwa mwili wa mwenziwe. Lakini Mtume hakuandika hati ya kudai deni. Haki hiyo ni ya wote wawili, na mwili unaouma ni wa mume pia. Kwa hiyo ni wajibu wake kuupeleka hospitali.

Leza inafanya nini?

Daktari bingwa wa magonjwa ya wanawake huanza kwa kusikiliza, kupima kwa mkono na kuagiza ultrasaundi. Picha hiyo huonyesha vizuri uvimbe wa chokoleti, lakini madoa madogo yaliyotapakaa juu ya ngozi ya ndani ya tumbo huenda yasionekane kabisa. Kuambiwa “skani yako ni safi” hakumaanishi hakuna ugonjwa. Hapo daktari aweza kujaribu dawa kwanza, au kupendekeza laparoskopi, yaani upasuaji wa matundu madogo. Mgonjwa hulazwa usingizi. Tumbo hujazwa hewa ili viungo viachane. Tundu la kama sentimita moja hukatwa kitovuni, na kupitia hapo huingia bomba lenye kamera. Matundu mengine mawili au matatu, madogo zaidi, huingiza vyombo vya kazi. Daktari huona kila kitu kwenye televisheni. Akikuta ugonjwa, mara nyingi aweza kuutibu papo hapo.

Chombo kimoja cha kuutibu ni leza. Hii ni miale ya mwanga iliyokusanywa ikawa nyembamba na yenye nguvu nyingi. Leza ya kwanza iliwashwa mwaka 1960 na Theodore Maiman huko California, na mwaka 1964 Kumar Patel akatengeneza ile inayotumia hewa ya kaboni dayoksaidi, ambayo ndiyo madaktari wa tumbo waliipenda. Siri yake ni maji. Mwali wake hunyonywa mara moja na maji yaliyo ndani ya chembe, chembe ikachemka na kugeuka mvuke, nao mvuke huvutwa nje kwa bomba. Kwa kuwa mwali hauendi mbali chini ya pale ulipogusa, daktari aweza kuondoa doa lililo juu ya kibofu au karibu na mrija wa mkojo bila kuunguza kilicho chini. Mwaka 1979 Profesa Maurice Bruhat na wenzake wa Clermont-Ferrand, Ufaransa, waliandika jinsi walivyoipitisha leza hiyo kwenye laparoskopi. Katika miaka ya 1980 Dakta Camran Nezhat, akiwa Atlanta, aliunganisha leza na kamera ya video, naye daktari akaacha kuinama akichungulia kwa jicho moja, akasimama wima akitazama kioo.

Je, inasaidia? Mwaka 1994 Dakta Christopher Sutton na wenzake wa Guildford, Uingereza, walichapisha matokeo ya wanawake 63 wenye maumivu. Wote walitobolewa na kuangaliwa. Nusu walichomwa ugonjwa kwa leza, pamoja na vineva vidogo nyuma ya mji wa mimba, na nusu hawakuchomwa, wala wao wenyewe hawakujua nani kafanyiwa nini. Baada ya miezi 6, asilimia 62.5 ya waliochomwa walisema maumivu yamepungua. Kwa wale wengine ilikuwa asilimia 22.6. Tazameni namba hizo kwa macho mawili. Leza iliwasaidia wengi, na bado zaidi ya theluthi moja ya waliochomwa hawakuona nafuu.

Kuhusu kupata mtoto, utafiti mkubwa ulifanywa Kanada na kuchapishwa mwaka 1997, kwa wanawake 341 wenye ugonjwa mdogo ambao walikuwa hawajapata mimba. Walioondolewa madoa wakati wa laparoskopi, asilimia 30.7 walishika mimba iliyopita wiki 20, dhidi ya asilimia 17.7 ya wale walioangaliwa tu. Utafiti mdogo zaidi wa Italia, mwaka 1999, haukuona faida hiyo. Kwa hiyo daktari atakayewaahidi mtoto kwa hakika, muwe na wasiwasi naye.

Sasa neno la tahadhari. Watu wakisikia “leza” hudhani ni muujiza usio na kisu. Leza ni chombo tu, kama panga lilivyo chombo cha mkulima. Panga likifyeka magugu juu na kuacha mizizi, mvua ikinyesha yanachipuka. Ugonjwa uliokaa juu juu, leza yaweza kuumaliza kwa kuuyeyusha. Ulioshuka chini huhitaji kukatwa wote pamoja na mzizi wake, na leza yaweza kutumika kuukata, lakini pia mkasi au umeme waweza kufanya kazi hiyo hiyo. Tena kilichokatwa hupelekwa maabara kuthibitishwa, ambapo kilichogeuzwa moshi hakiwezi kupimwa. Uvimbe wa chokoleti nao, madaktari wengi hupendelea kuumenya ganda lake kuliko kuuchoma, kwa sababu hurudi mara chache zaidi, ingawa kumenya nako huweza kupunguza akiba ya mayai. Hilo lizungumzwe mapema na mke anayetaka kuzaa.

Kwa hiyo mnapokwenda kumwona daktari, swali la “mna mashine ya leza?” lisiwe la kwanza. Mashine hiyo ni ghali na si kila hospitali yenye kamera inayo. Ulizeni: Daktari, wagonjwa wa endometriosisi umewapasua wangapi? Ukikuta umeingia kwenye utumbo utafanyaje, yupo mwenzako wa kukusaidia? Utaukata au utauchoma, na kwa nini? Je, ovari utaihifadhi? Daktari mwenye mkono uliozoea na mkasi wa kawaida ni bora kuliko mwenye leza mpya na uzoefu mdogo. Ulizeni pia gharama mpaka mwisho, na sehemu gani italipwa na SHA, kabla ya kuuza ng'ombe. Hatari zipo: kutokwa damu, maambukizo, kuumizwa kwa utumbo, kibofu au mrija wa mkojo. Hazitokei mara nyingi, lakini msitie sahihi karatasi ambayo hamkuisoma.

Na hata kazi ikifanyika vizuri, ugonjwa huu una tabia ya kurudi. Baada ya miaka mitano hurudi kwa karibu nusu ya wagonjwa. Wanaotaka mtoto huambiwa wasikawie, maana miezi ya kwanza baada ya upasuaji ndiyo yenye matumaini zaidi.

Mama Kanisa anasemaje?

Wanandoa wengi Wakatoliki hufika kwa paroko na swali hili wakiwa na hofu. Wamesikia kwamba Kanisa linakataa mtoto wa maabara, wakadhani linakataa kila tiba ya utasa. Sivyo. Katika hati iitwayo Dignitas Personae ya mwaka 2008, ofisi ya Vatikani ya Mafundisho ya Imani iliutaja ugonjwa huu kwa jina. Katika aya ya 13 inasema tiba zinazoondoa vizuizi vya uzazi wa asili ni halali, na miongoni mwa mifano yake ni upasuaji wa endometriosisi na kuzibua au kutengeneza mirija. Sababu yake ni rahisi kuelewa. Daktari wa leza anafagia njia, kisha anatoka chumbani. Mume na mke wanarudi nyumbani, na mtoto akija, anakuja kwa tendo lao la upendo. Katika maabara daktari anakaa mahali pa tendo hilo, na viinitete vingi hutengenezwa na vingine kutupwa.

Juu ya vidonge pia kuna kuchanganyikiwa. Daktari huenda akampa mke vidonge vya homoni, vile vile vinavyotumika kuzuia mimba, ili kutuliza ugonjwa. Papa Paulo wa Sita katika Humanae Vitae ya mwaka 1968, aya ya 15, alifundisha kwamba tiba inayohitajika kuponya ugonjwa wa mwili ni halali hata kama itazuia uzazi kwa muda, mradi kuzuia huko siko kunakokusudiwa. Basi mke asinyimwe kidonge cha kutuliza maumivu kwa kisingizio cha dini, wala mtu asijifiche nyuma ya ugonjwa asioumwa. Ila mjue kwamba vidonge hivyo haviongezi uwezekano wa kupata mtoto. Vinatuliza, na vikiachwa maumivu yaweza kurudi.

Kuondoa mji wa mimba ni hatua ya mwisho kwa ugonjwa mkali uliokataa tiba nyingine, na hapo pia yatibiwa maradhi, si kufunga uzazi. Hata hivyo, kwa kuwa endometriosisi hukaa nje ya mji wa mimba, kuutoa bila kuondoa ugonjwa wenyewe kwaweza kumwacha mama na maumivu yale yale. Msikubali haraka, hasa kama daktari ni mmoja na hamjasikia maoni ya mwingine.

Wale mlioifuata njia ya asili ya Billings katika semina za parokia mna silaha ambayo wengine hawana, nayo ni daftari. Kule Omaha, Nebraska, Dakta Thomas Hilgers alianzisha mwaka 1985 taasisi yenye jina la Papa Paulo wa Sita, ambamo madaktari husoma daftari la ute na hedhi la mwanamke kama polisi asomavyo nyayo, na kupasua endometriosisi ili kurudisha uzazi wa asili. Hata bila kwenda Omaha, andikeni miezi mitatu: siku za hedhi, madoa ya kahawia, siku za ute, na maumivu kwa namba kutoka 0 hadi 10. Mume ndiye aandike. Atajifunza mengi katika kuandika huko, na daktari mwenye foleni ndefu ataelewa kwa dakika mbili alichokuwa aulize kwa nusu saa.

Na mume apimwe pia. Haifai mke kulala kwenye meza ya upasuaji ili apate mtoto huku mume hajapimwa mbegu zake, maana upande wa mwanamume huchangia katika karibu nusu ya ndoa zisizopata mimba. Wengine hukataa kwa kiburi, na wengine kwa dhamiri, kwa sababu hospitali huwaambia wajichue. Ipo njia ambayo wanamaadili wa Kanisa huikubali: mfuko maalumu usio na dawa ya kuua mbegu, uliotobolewa kidogo, unaotumiwa katika tendo la ndoa lenyewe, na kilichobaki ndani hupelekwa maabara haraka. Mwulizeni daktari bila kuona haya. Si mara ya kwanza kwake kuulizwa.

Baada ya kutoka hospitali

Kama ugonjwa haukuwa mwingi, mke aweza kurudi nyumbani siku hiyo hiyo au kesho yake. Asishangae bega likimuuma siku mbili tatu. Ni ile hewa iliyobaki tumboni. Homa, tumbo kuvimba na kuuma zaidi badala ya kupungua, au kushindwa kukojoa, hizo si za kungojea asubuhi. Mrudisheni hospitali usiku huo huo.

Makovu ni madogo, na hapo ndipo penye mtego. Jirani akiona viplasta vitatu vidogo husema, “Kumbe si upasuaji hasa,” naye mama anaanza kubeba mitungi siku ya nne. Ndani ameunguzwa na kukatwa mahali pengi. Mume apange na dada au shemeji nani atachota maji na kupika kwa muda ambao daktari ametaja.

Tendo la ndoa lingoje ruhusa ya daktari, kwa kawaida wiki chache. Na litakaporudi, lirudi polepole. Mwili uliozoea maumivu kwa miaka hukaza wenyewe hata pale ugonjwa ulipokwisha kuondolewa, kama mtoto aliyeungua anavyouepa hata moto uliozimika. Mume asidhani leza imeshindwa. Wazungumze kabla, si wakati ule ule gizani. Mke aseme wapi panauma na wapi hapaumi, na akisema basi, iwe basi bila kununa. Nimeona ndoa ambazo upasuaji ulifaulu lakini kimya kikabaki pale pale chumbani.

Mtoto asipokuja, msije mkasikiliza wajomba wanaosema mke arudishwe kwao au aletwe wa pili wa kumsaidia. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, kanuni ya 1084, inasema wazi kwamba utasa hauzuii ndoa wala hauibatilishi. Elkana, mume wa Hana, alikuwa na huzuni ya mkewe mikononi wala hakuigeuza lawama. Alimgawia sehemu yake mezani na kumwuliza kwa nini hali chakula, akimpa nafsi yake kuwa faraja. Maneno yake hayakumaliza machozi ya Hana, lakini alikaa upande wake. Na watoto wanaongoja wazazi katika makao ya watoto nchini mwetu ni wengi. Jambo hilo lina sheria zake, nasi tutalipa somo lake peke yake.

Mwisho, wale mliojaliwa binti, na mama anao ugonjwa huu au shangazi anao: msimpeleke shule ya bweni bila kumwambia. Mfundisheni kuandika siku zake, mpeni barua ya daktari kwa matroni wa bweni, na mwambieni kwamba akikosa darasa kila mwezi kwa maumivu, awapigie simu. Nanyi mkipigiwa, nendeni.